Herufi Zenye Miguu

Mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, wajukuu walikuwa wakitoa vitu chini ya kitanda chake ili wapige deki. Mmoja wao, huyu anayesomea udaktari wa mifugo, akafungua kopo la biskuti lililoshika kutu na kuniuliza, "Nyanya, hizi stempu zina thamani?" Nikamwambia moja ina thamani, hizo nyingine azirudishe kama zilivyokuwa. Akacheka, akidhani namtania. Watoto wa siku hizi wakiona kizee kimekaa kimya kwenye kiti wanafikiri kinawaza kifo. Mimi nilikuwa nikiwaza chumba kimoja mjini Kisii, nyuma ya duka la Mhindi, mwaka uliofuata kwisha kwa Vita vya Pili, na jinsi nilivyokaribia kumzika mume huyuhuyu bila yeye kuwepo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu wakati huo. Nilikuwa nimeolewa miaka sita, na katika hiyo sita nilikuwa nimeishi na mume wangu miezi saba tu, maana Obuya alichukuliwa jeshini kuendesha malori. Yeye Mjaluo wa kando ya ziwa, mimi Mgusii wa Manga. Watu walisema sana, sitarudia waliyosema. Alipoondoka nilibaki na watu wake katika kile chumba kimoja: mama yake, ambaye hakuwahi kuniita jina langu Nyaboke hata siku moja, kwake nilikuwa Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, mdogo wake Odera, fundi wa nguo aliyeshona kwa cherehani pale barazani kwa Mhindi, na Akello, mke wa Odera. Tulikigawa chumba kwa magunia yaliyoshonwa pamoja, wao upande wa dirisha, mimi na mama upande wa jiko. Gunia huficha uso tu, sauti halifichi, kwa hiyo hakuna jambo la nyumba ile nisilolijua. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kijaluo changu kiliwachekesha na Kigusii chao kilinitia aibu.

Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi kanzu za mapadri kule misheni. Kulikuwa na padri mmoja mzee, Mholanzi, mpole mno kwa watu na mkali mno kwa mikunjo kwenye kanzu za hariri, ambaye alikusanya stempu. Alipogundua kwamba vidole vyangu ni vyepesi alinipa kazi nyingine: kuzilowesha bahasha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kuzibandua stempu bila kuzichana, kuzilaza kwenye taulo, kisha kuzipanga kwa nchi. Zenye herufi zetu hazikuwa na shida. Zile zenye maandishi mageni ndizo zilizonipendeza. "Usijaribu kusoma," alikuwa akiniambia. "Tazama tu." Kwa hiyo nikajifunza kutazama. Herufi za Kiarabu hushikana mikono. Za Kihindi huning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba, na za Mhindi wetu wa dukani ni ndugu zao, ila kamba imeondolewa. Za Kichina kila moja ni nyumba yenye vyumba vingi. Za Kigiriki hukudanganya kuwa ni zetu mpaka ujaribu kuzitamka. Ukishindwa na herufi, tazama tarakimu. Ukishindwa na tarakimu, tazama mfalme amevaa nini kichwani. Zilizotushinda kabisa tulizitia kwenye kopo la biskuti. Padri alipougua na kurudishwa kwao, alibeba vitabu vyake vya stempu akaniachia lile kopo, zawadi ya vitu visivyojulikana.

Obuya alinichumbia kwa njia hiyohiyo. Alipokuwa dereva wa lori la Mhindi, akienda Kisumu na kurudi, aliokota bahasha kwenye mapipa ya taka ya maduka makubwa na kuniletea zimekunjwa ndani ya kofia yake. Wasichana wenzangu waliletewa mafuta ya nywele na leso. Mimi niliketi kwenye ngazi za misheni nikiletewa takataka za ofisi, na nilikuwa na furaha isiyo kifani. Tulizitazama pamoja. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na jicho. Mara mbili alinishinda kutambua nchi, na mara zote mbili alijigamba wiki nzima.

Mvua za kwanza baada ya yeye kwenda vitani, ilikuja karatasi ya jeshi kwamba hajulikani alipo. Alipotelea wapi, hawakusema. Hata barua mbili alizowahi kutuandikisha zilifika zimekatwakatwa kwa mkasi kila palipokuwa na jina la mahali. Wengine wakatuambia Bama kule Asia, wengine Misri, wengine bahari. Vita vikaisha. Wanaume wakarudi na makoti mazito na viatu vya ngozi, tukawa tunasimama mbele ya ofisi ya bwana DC kila lori likija, mama na mimi, na kila mara tulirudi nyumbani wawili kama tulivyokwenda.

Ndipo bahasha ikaja. Ilikuwa mchana wa Jumapili, tumekaa kula ugali wa wimbi na omena, wale dagaa wa ziwani, Odera akaingia nayo kutoka kwa katekista aliyegawa barua baada ya misa. Ilikuwa na jina la mama kwa herufi za kizungu zilizopindapinda. Mama hakusubiri kisu. Aliing'ata kona, palepale penye stempu, akaichana kwa meno yaliyobaki, akatema kipande sakafuni. Hakukuwa na barua ndani. Aliikung'uta, na kitu kidogo chekundu kikaangukia kwenye bakuli la omena. Odera alikitoa kwa vidole viwili. Kilikuwa kisahani cha shingoni, kile wanachovaa askari, kimechongwa namba na jina OBUYA.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama mmoja wa jirani alikuwa ameletewa kisahani kama hicho mwaka mmoja nyuma, na kila mtu mjini alijua maana yake: askari akifa, kisahani ndicho kinachorudi. Mama mkwe wangu alikiosha kwa sababu kilikuwa na mchuzi. Alikipangusa kwa shuka yake, akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na ndipo alipolia. Nililia naye. Sikuwa na shaka yoyote siku hiyo, na sitajifanya nilikuwa nayo.

Siku ya pili yake baba mdogo wa Obuya alipanda kutoka ziwani, wakakaa upande wa dirisha kuzungumza, nami nikiwa upande wa jiko nikichambua mboga. Kwao mtu akipotelea mbali, maji au vita vikamla, haachwi hivihivi. Huchumwa tunda la yago, lile refu gumu la mti wa mvungunya unaoota kando ya mto, likavikwa sanda, likaliliwa, likazikwa mahali pa mwili. Likishazikwa, mambo yamekwisha. Aliyezikwa akitokea mlangoni baadaye si mtu tena wa kupokewa, ni balaa. Na mjane hupewa nyumba nyingine ndani ya ukoo. Niliyasikia yote hayo kwa utulivu mpaka baba mdogo aliposema, "Na huyu Nyar Kisii, si atakaa na Odera?" Akello akaangusha kifuniko cha sufuria. Odera, Mungu amweke pema, akajibu, "Baba, mimi nina bibi mmoja na huyo mmoja ananimaliza. Mnipe wa pili nife kabisa?" Baba mdogo hakucheka. Siku ikapangwa: baada ya kuvuna wimbi, wiki tatu kamili. Odera akatumwa mtoni, akarudi na yago urefu wa mkono wangu, zito, akalisukuma chini ya kitanda cha mama likiwa limefungwa shuka nyeupe. Kila asubuhi nilipofagia nililizunguka. Nilikuwa naishi chumba kimoja na maiti ya mume wangu, na maiti yenyewe ilikuwa tunda.

Ni katika kufagia ndipo nilipoiokota ile bahasha. Mama aliitupa pembeni. Hakuna aliyeijali, kisahani kilikuwa kimesema yote. Niliiokota kwa mazoea tu, kama mtu aliyezoea kushona anavyookota uzi. Nusu ya chini ya stempu ilikuwa imeliwa na meno ya mama, na kama nchi ilikuwa na jina kwa herufi zetu, jina lilikwenda na kona ile. Nusu ya juu ilikuwa na paji la uso na macho ya mwanamume mwenye nywele nyingi, na juu yake mstari wa herufi ambazo sikuzijua. Nilisimama na ufagio mkononi. Kila herufi ilisimama peke yake, na kila moja ilikuwa na miguu: miwili, mingine mitatu, mingine mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Niliutupa ufagio.

Nilikwenda nayo posta. Karani, Mgusii mwenye miwani na maringo, aliitazama akaniuliza imetoka wapi. Nikamwambia imeleta kisahani cha marehemu. "Nani alileta, serikali?" Nikasema nadhani. Akaigonga stempu kwa ukucha. "Dada, serikali haibandiki stempu. Barua ya jeshi inakuja na muhuri peke yake. Hii kuna mtu ameingia dirisha la posta, amenunua, amelamba, amebandika." Nikamwuliza ni nchi gani. Hakujua, na muhuri wa posta ulikuwa umelowa ukawa doa jeusi. "Lakini kuna sajenti mmoja wa Magwagwa," akasema, "huyo amezunguka dunia kuliko barua." Mhindi wetu wa dukani aliitazama kwa adabu na kutikisa kichwa. Si za kwao, na si za jirani yeyote wa kwao.

Nilipofika nyumbani nilimwaga kopo la biskuti kitandani. Vitu visivyojulikana vya padri vilikuwa kama mia mbili, nikavigeuza kimoja kimoja, Akello akinitazama kwa jicho la huruma anayoipata mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Karibu na mwisho nilikiona: kipande kidogo cha kijani, cha zamani sana, chenye simba aliyevaa taji, ameshika bendera yenye msalaba, na pembeni mwake herufi zenye miguu. Niliziweka stempu mbili sambamba. Herufi tatu zilifuatana vilevile kwenye zote mbili, mguu kwa mguu. Basi zilikuwa za nchi moja. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikakumbuka kwamba nilichokipata ni pacha wa nisichokijua, na kwamba zilibaki siku kumi na moja.

Nilimwambia mama kwamba nakwenda Manga kumjulia hali dada yangu. Ulikuwa uongo nusu, maana nililala kwake kweli, na kulipopambazuka nikashika njia za miguu kupitia Nyamira hadi Magwagwa, stempu zangu zimo ndani ya kitabu cha sala. Sajenti nilimkuta akipalilia migomba, amevaa koti la jeshi juani. Tukasalimiana, bwakire, akaniuliza mimi ni wa nani, akaniketisha, mkewe akaniletea uji. Nilitoa kwanza simba. Sajenti hakuchukua hata dakika. "Habeshi," akasema, yaani Ethiopia. "Huyu simba amejaa kule. Kwenye milango, kwenye bendera, kwenye vifungo vya makoti." Nikatoa nusu ya stempu. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ni mfalme wao," akasema. "Barua hii imekuja lini?"

"Juzijuzi. Ilikuwa na kisahani."

"Na karatasi ya jeshi, kwamba amepotea?"

"Mvua za kwanza baada ya yeye kuondoka. Miaka mitano sasa."

Aliilaza stempu gotini. "Sikiliza, mwanangu. Sisi tulipoingia Habeshi, posta ilikuwa ya Mtaliano, na stempu zake zilikuwa na herufi hizi za kizungu. Hizi za mfalme zimekuja baadaye, risasi zimeshanyamaza. Na maiti wetu tuliwazika wenyewe. Visahani vyao tulivitia mfuko mmoja, vikaenda kwa Mzungu. Hakuna hata kimoja kilichotiwa posta."

Nilitaka kuruka. Badala yake nilisema kile ambacho baba mdogo angesema: huenda mtu aliokota kisahani na kile kitabu cha jeshi anachobeba kila askari, chenye jina la mama, akavituma kwa wema. Sajenti akakubali kwamba huenda. "Lakini sasa unajua nchi," akasema. "Mtu akijua nchi anajua pa kuuliza." Akaniambia kwamba katika mji mkuu wa kule kulikuwa na hospitali ya wamisionari, ambako majeruhi wasio na mwenyewe walipelekwa, na kwamba Wazungu wa pale walijibu barua. Nilirudi nikiwa na malengelenge miguuni, na padri mgeni, ambaye hakujua tofauti ya stempu na lebo ya sabuni, aliandika ile barua nikiwa nimesimama mbele yake sikubanduka mpaka alipoifunga.

Siku ilipofika, baba mdogo alikuja na lori la samaki kulichukua yago. Nilikuwa nimemweleza Odera kila kitu siku mbili kabla, pale barazani, yeye akishona suruali bila kuinua kichwa, hata nikadhani hanisikii. Baba mdogo akainama kulivuta tunda chini ya kitanda. Odera akasimama mlangoni na futi yake ya ushonaji shingoni. "Baba, mimi siendi," akasema. "Mimi siwezi kuzika mtu ambaye juzi amelamba stempu." Kukawa na kelele. Baba mdogo akasema mwanamke wa Kisii amewaloga kwa karatasi. Mimi nikasema maneno ambayo mwanamke hawezi kumwambia baba mkwe, nikasema yote na sikuyajutia. Ni mama aliyetunyamazisha. Aliichukua ile bahasha kutoka mkononi mwangu, akaitazama ile kona aliyoing'ata, akaitazama kwa muda mrefu. "Wimbi itavunwa mwaka mwingine pia," akasema. "Hii tunda haina haraka. Wacha ikae."

Ilikaa miezi minne. Sitaki kuieleza ile miezi. Mama hakunisemesha kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kuniwekea kichwa cha samaki, ambacho kwao hakipewi mtu wa kuchezea. Nilipika, nilipiga pasi, nilikwenda posta, karani akinitikisia kichwa kabla sijavuka mlango. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nimemnyima maiti mazishi yake kwa ajili ya kiburi cha macho yangu. Halafu asubuhi moja karani hakutikisa kichwa. Alitoka nje ya dirisha lake, jambo ambalo hakumfanyia mtu yeyote, akiwa ameshika bahasha yenye stempu nzima, isiyong'atwa na mtu, mfalme na ndevu zake zote na herufi zenye miguu mstari mzima.

Barua ilitoka kwa nesi wa hospitali ile, ikisema yupo. Lori lake lilitumbukia bondeni, wanakijiji wakamtoa, mguu ukaungwa vibaya, akakaa kwao muda mrefu bila kujua kama jeshi linamtafuta kumtibu au kumfunga. Mwisho akaja hospitalini, akawa anatengeneza magari yao. Aliogopa kuandikisha barua isije ikasomwa na jeshi, na aliona aibu ya mguu, kwa hiyo alinakili mwenyewe jina la mama kwenye bahasha. Niliposomewa hayo nilikaa chini kwenye sakafu ya posta, watu wakinipita. Sikulia. Nilihisi tu kwamba kitu nilichokuwa nimekibeba kichwani miaka mitano kimetuliwa, na shingo haijui la kufanya.

Alirudi mwishoni mwa mwaka uleule, jeshi likiwa limemwandikia kwamba hana kosa. Aliingia na mkongojo, mguu mmoja mfupi, na kitu cha kwanza nilichomwambia, baada ya kulia nguo zetu zote zikalowa, ni kwamba amerudi na miguu ya herufi za kwao. Mama alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akamwuliza ni mtu wa namna gani anayetuma kisahani cha maiti ilhali yu hai. Obuya akashangaa kweli. "Sikuwa na kitu kingine chenye jina langu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Nilijua mama ataangalia kisahani. Lakini wewe nilijua utaangalia stempu."

Odera akalivuta yago chini ya kitanda, akamwekea kaka yake mapajani likiwa na ile sanda yake. Lilikuwa limekauka. Obuya alilipima kwa mikono miwili, akalirusha kidogo na kulidaka. "Kumbe ndiyo mimi," akasema. "Mbona mwepesi hivi?" Tukacheka mpaka Mhindi akaja kuuliza kuna nini. Akello alilipasua likawa kuni, tukapikia chai, na mimi nikaitia nusu ya stempu ndani ya kopo la biskuti. Lilikuwa bado kopo la nchi zisizojulikana, na hiyo haikuwa tena mojawapo, lakini sikuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Mwezi uliopita alikufa kitandani kwake, mchana, akiwa ameshiba, nikiwa nimemshika mkono. Wajukuu sita walibeba jeneza kutoka nyumbani hadi kaburini. Njia ina mteremko na mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nyuma yao nimeshikwa mikono na wanawake, kila mtu akinitazama kama nitaanguka, nikamsikia huyu wa mifugo akimnong'oneza mwenzake, "Jamani, babu ni mzito." Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, pale mbele ya padri na watu wote, na sijaona sababu ya kuomba radhi.